Mwaka wa Mengineyo

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ukumbi ule. Vijana wanaoandaa mkutano wa waandishi wa programu huria hapa Morogoro walinitumia mwaliko ulioniita "mmoja wa waasisi", nikacheka peke yangu jikoni, maana neno hilo nimezoea kuliona chini ya picha za watu waliokwisha kufa. Nikaenda hata hivyo. Nilivaa kitenge kipya, miwani ya kusomea nikaining'iniza shingoni, na mlangoni nikamkuta Ezekieli, kanenepa, kichwa kinang'aa, amesafiri tangu alfajiri kutoka Dodoma. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi mno. Mnyamwezi yule hakunisalimia. Alinikagua kuanzia viatu mpaka kilemba akasema, kwa sauti ya kusikika getini, "Kumbe na Waluguru mnazeeka! Nilidhani mlima unawahifadhi." Nikamjibu kwamba mlima unahifadhi watu, hauhifadhi mizigo iliyosahauliwa na treni ya Tabora. Binti aliyekuwa akigawa vitambulisho alishtuka, akadhani tunagombana, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Kisha nilimkumbatia mtani wangu nikalia kidogo, na sioni aibu kulisema hilo.

Ukumbi umepakwa rangi mpya na viti ni vya kisasa, lakini dirisha la nyuma bado linaonyesha mlima, na asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunika ukungu hadi kiunoni kama kawaida yake. Mkutano huo hauna ratiba iliyopangwa kabla. Watu wanafika, wanapendekeza mada wanazotaka kuzijadili, kila mada inaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, halafu wanagawana vyumba. Juu ya ukuta huo, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa MENGINEYO. Binti wa vitambulisho alinionyesha kwa heshima. "Shikamoo mama. Ukiwa na mada, unabandika pale kwenye Mengineyo." Nikamuuliza kwa nini panaitwa hivyo. "Sijui mama. Ndivyo tulivyokuta." Ezekieli alinikanyaga mguu. Nami nikakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, nikaanza kuukumbuka mwaka ule wote, kwa sababu ninajua vizuri kwa nini panaitwa hivyo, na ni mimi niliyepaita.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, na kusema kweli sikuwa nimeitafuta kwa bidii. Tulikuwa na chumba mtaa wa Kihonda, mimi na Ezekieli na yeyote aliyejisikia kuja, nyuma ya mgahawa wa Mama Chausiku. Kwa haki kilikuwa stoo yake. Palikuwa na magunia ya mchele, mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka Matombo, sufuria za shughuli zilizopandana mpaka karibu na dari, na meza moja iliyotiwa tofali chini ya mguu mfupi. Kwenye rafu, kati ya dumu la mafuta na ungo, tuliweka kompyuta ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi usiku na mchana, na kando yake kifaa kidogo chenye laini ya simu cha kutuma meseji. Mama Chausiku, mwanamke mnene, mcheshi, mkali kwa wanaoacha chakula, aliiita kompyuta ile "mgonjwa wenu", kwa sababu ilikoroma na kila saa mmoja wetu alikuwa anaichungulia. Mchana alituletea wali na maharage ya nazi, mchicha juu, pilipili kichaa pembeni, akasimama mlangoni mpaka tumalize. Nimekula hotelini kwenye miji mikubwa tangu siku zile, na bado sijakula kama nilivyokula nimekaa juu ya gunia.

Stoo na mgahawa vilitenganishwa na pazia tu, hivyo tulisikia kila kitu. Tulisikia madereva wa malori wakisema uongo kuhusu waliyoyaona njiani Mikese, tulisikia wachumba wakiachana juu ya supu. Ila tulichokipenda zaidi kilikuwa kikao cha Alhamisi, cha akina mama wa mtaa wanaosaidiana kwenye misiba na harusi, mwenyekiti wao akiwa Mama Chausiku mwenyewe. Kikao kilifunguliwa kwa dua. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa, wakaitikia "sawa". Yakafuata yatokanayo, wakaitikia "tuendelee". Wengine ungesikia wanapiga miayo. Halafu Mama Chausiku akasema, "Haya, mengineyo," na hapohapo viti vikaanza kulia. Mtu alikohoa akasema, "Mwenyekiti, mimi nina dogo tu." Hilo dogo lilikuwa ndoa inayovunjika, au binti aliyefukuzwa nyumbani, au sufuria kubwa ya kikundi iliyoonekana kwenye harusi ya watu wasiohusika. Sauti zilipanda, chai ikaongezwa, na kikao kilichokuwa kimekwisha kikaendelea mpaka magharibi. Ezekieli alikuwa anaondoa vidole kwenye kibodi na kuninong'oneza, "Sasa kikao kimeanza." Tulicheka kila Alhamisi, na haikutujia hata mara moja kwamba sisi wenyewe tumelelewa hivyohivyo.

Ni nyuma ya pazia lile tulikomsikia Mama Tekla kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshuka na karoti na peasi kutoka juu Mgeta, akawa anakula huku anamlalamikia Mama Chausiku kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Kule kwao maji yanashuka kwa mfereji, yanapita kwenye matuta ya kabichi na njegere, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia. Masika hakuna shida. Kiangazi kikikaza, maji yanakuwa kidogo, zamu zinasogezwa, na taarifa inapita mdomo kwa mdomo mpaka inafika imegeuka. Familia mbili zinakutana alfajiri kwenye lango moja la maji, kila mmoja na jembe mkononi, kila mmoja akiapa kwamba zamu ni yake. "Mwaka jana mtu kapasuliwa kichwa," alisema Mama Tekla, "na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Naamua ugomvi mpaka sili." Ezekieli alifungua pazia akasema, "Shikamoo mama. Huko kwenu simu zinashika?"

Zilikuwa simu za kitochi, na zilishika ukisimama pazuri. Tuliandika programu tukaiita Zamu. Mama Tekla alituma mpangilio wa kamati kwa meseji moja, na mgonjwa wetu pale kwenye rafu akamjulisha kila mwenye shamba saa yake na jina la anayemfuata. Msimbo wake wote tuliuacha wazi mtandaoni, mtu yeyote auchukue, aurekebishe, autumie bondeni kwao. Kiangazi kile hakuna aliyepigana. Mama Tekla alinipigia kunishukuru kwa namna yake: "Mwanangu, huku kumepoa. Hatuna hata ugomvi wa kuzungumzia." Nilikuwa kijana, na nilitembea Kihonda nzima nikidhani watu wananitazama.

Kisha Ezekieli akapata kazi Dodoma. Alinieleza akiwa anaitazama sahani badala ya kunitazama mimi. Sehemu ya programu iliyozungumza na mitambo ya simu aliiandika yeye, na niliielewa kama mtu anavyoielewa njia aliyopita amelala. Iliyobaki yote ilikuwa mikononi mwangu. Hii ilikuwa na maana moja tu, kwamba nikiugua homa, au nikiolewa, au na mimi nikipata kazi, bonde zima linarudi kwenye majembe. Mama Tekla alizisikia habari hizo, sijui kwa nani, akapiga simu. "Mwenzio anaondoka. Na wewe ukiondoka, nani atatuamsha? Jogoo hajui zamu." Tulikuwa tumesema programu ni ya watu wote, na ukweli ulikuwa kwamba watu wote walikuwa ni sisi wawili na mmoja alikuwa anafunga mizigo.

Wazo la mkutano lilikuwa la Ezekieli, na lilikuwa kama zawadi yake ya kuaga. Alikuwa amesoma kwamba nchi nyingine waandishi wa programu huria hukutana bila ratiba, kila mtu akija na mada yake. Tuwaalike wote tunaowafahamu mtandaoni, alisema, wa Dar es Salaam, wa Iringa, wa Ifakara, wanafunzi wa Mzumbe, na siku hiyo mimi nipendekeze mada moja: nani atatunza Zamu? Wakipatikana hata wachache, bonde limepona. Nilibaki na kazi ya kutafuta ukumbi, na ukumbi ulikuwa mikononi mwa Dokta Mhando aliyenifundisha chuoni, mtu mwema, nadhifu, mwenye kufunga vifungo vyote vya koti hata kwenye joto la Machi. Nilimwamkia, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ratiba iko wapi?"

"Haipo, Dokta. Watakaokuja ndio watakaopendekeza mada."

"Zainabu. Hata msiba una ratiba."

Alikubali kwa sharti. Ukumbi aliuombea yeye kwa jina lake, na mkuu wake angeweza kupita wakati wowote. Kama chai ya saa nne ingefika na ukuta ukiwa mtupu, angechukua yeye usukani na kutoa mihadhara yake mpaka jioni. Nilimwambia ukuta utajaa kabla ya chai. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa, na Ezekieli alipokuwa ananisikiliza baadaye alishika kichwa.

Watu walikuja. Walijaza ukumbi, na mpaka leo nikikumbuka jinsi walivyokuwa wanashuka getini na mikoba yao ya kompyuta mgongoni moyo unanipanda. Walikaa wamenyooka, mikono mapajani. Dokta Mhando alifungua mkutano kwa hotuba fupi, akakaa mstari wa mbele. Nikasimama, nikaeleza utaratibu, nikaonyesha karatasi za rangi na kalamu za wino mzito, nikasema karibuni, nani anaanza? Hakuna aliyeanza. Nikaeleza tena kwa maneno mengine. Walinitazama kwa adabu kubwa. Kijana mmoja alichukua karatasi, nikafurahi, kumbe anajipepea. Nilimwangalia huyu na yule, na kila niliyemtazama aliangalia viatu vyake. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, nimeshaiandika tangu nyumbani, na ningeweza kuibandika. Lakini mimi ndiye niliyewaalika, na mwenye shughuli hajipakulii kabla ya wageni. Nimelelewa hivyo, na asubuhi ile malezi yangu yalinifunga mikono. Nilimwona Mama Tekla akilini mwangu amesimama penye lango la maji. Ukuta ulibaki mweupe mpaka Mama Chausiku, tuliyempa kazi ya chai, akaingia na chupa zake.

Chai ile ilikuwa na chapati na magimbi ya kuchemsha. Dokta Mhando aliitazama saa yake, akatoa kabrasha lake, akanipa tabasamu la pole ambalo lilikuwa baya kuliko kama angenisema. Ezekieli alijaribu kunichekesha akashindwa. Nikatoka kwenda barazani nipumue, nikasimama nyuma ya nguzo, na upande wa pili wa nguzo walikuwa vijana wawili na vikombe vyao.

"Si ulisema una suala la wale waliochukua programu yako wakafuta jina lako?" alisema mmoja.

"Ninalo. Nimetoka nalo Iringa."

"Sasa mbona umekaa kimya?"

"Nasubiri mengineyo."

"Hata mimi," alisema yule wa kwanza, akamega gimbi.

Nilikiacha kikombe juu ya ukuta wa baraza na sikumbuki kama kilianguka. Nilirudi ndani nusu nakimbia. Ndiyo hivyo! Hawakuwa wamekosa mada. Kila mmoja wao alikuwa na lake amelibeba tangu kwao, na kila mmoja alijua, kama alivyojua kula kwa mkono wa kulia, kwamba ajenda ni ya mwenyekiti na wakubwa, na kwamba mtu wa kawaida mwenye adabu zake hulitoa la moyoni mwishoni, baada ya wenyewe kumaliza. Sisi tulikuwa tumewaletea kikao kisicho na kitu kingine ila mengineyo, halafu tukasahau kuwaambia kwamba wameshafika. Dokta Mhando alikuwa mbele tayari, kabrasha limefunguliwa. "Sasa wageni wetu, kwa kuwa..."

"Dokta, samahani sana," nilisema. "Tumeshamaliza ajenda."

"Ajenda ipi?"

"Kufungua kikao. Umefungua vizuri. Muhtasari hatuna, kwa sababu hatujawahi kukutana. Yatokanayo hakuna, kwa sababu hakuna muhtasari." Nilichukua kalamu, nikapanda juu ya kiti, nikaandika juu ya ukuta wao mweupe, ukutani kabisa, wala si kwenye karatasi: MENGINEYO. Nikageuka. "Haya. Mengineyo."

Kiti kimoja kililia. Mvulana mwembamba wa Ifakara alisimama, akakohoa. "Mwenyekiti, mimi nina dogo tu."

Nyuma yangu nilisikia Ezekieli akisema, "Sasa kikao kimeanza," na nusura nianguke kwenye kiti kwa kucheka. Dogo la yule wa Ifakara lilikuwa programu za wakulima zinazokata tamaa mtandao ukipotea. Wa Iringa akaleta la jina lake lililofutwa. Binti wa Mzumbe aitwaye Rehema, mwenye sauti ndogo na macho makali, alisema yeye ana dogo sana: umekuta kosa kwenye msimbo wa mtu ambaye ukikutana naye unamwamkia shikamoo, unamkosoaje mbele ya watu? Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, watu wakageuka kumtazama Dokta Mhando, na Dokta akacheka zaidi ya wote mpaka akafungua kifungo cha koti. Karatasi ziliisha, wakachana madaftari. Walisimama kwenye mstari kusubiri kubandika, wakisukumana, kila mmoja akianza na "mimi nina dogo tu", na hakuna hata moja lililokuwa dogo. Halafu Dokta Mhando mwenyewe akasimama. Kabrasha lake alikuwa amelikalia.

"Mwenyekiti," aliniambia mimi, mwanafunzi wake, "na mimi nina dogo. Programu ya matokeo ya wanafunzi hapa niliiandika mimi, na hakuna mwingine anayeijua. Nakaribia kustaafu. Sijui nimwachie nani."

Nikatoa karatasi yangu mfukoni, imekunjamana kwa jasho, nikaibandika kando ya yake. Mada ilikuwa ileile. Walitupa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la mlimani, na kilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Nilichora Zamu yote ubaoni, nikaeleza kuhusu mfereji, kuhusu majembe. Rehema aliomba sehemu ya Ezekieli, akambana kwa maswali mpaka Mnyamwezi akaomba maji ya kunywa. Yule wa Ifakara alichukua sehemu nyingine, wa Iringa nyingine, na wawili wa Mzumbe wakaahidiana na Dokta kuhusu matokeo yake. Jioni tulikwenda wote Kihonda kumwona mgonjwa. Walijibana stoo kati ya magunia na ndizi, Rehema juu ya dumu lililopinduliwa, na Mama Chausiku akachungulia pazia akasema, "Mgonjwa mwenye wageni wengi hivi lazima atapona," kisha akaenda kuongeza mchele. Nilimpigia simu Mama Tekla nikiwa nimesimama uani, nikipiga kelele kwa furaha. "Mama, mtaamshwa!" Akaniuliza na nani. Nikamwambia sijui wote kwa majina bado, na lilikuwa jibu tamu kuliko yote niliyowahi kumpa mtu.

Ezekieli aliondoka wiki ileile. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, na katikati yake niliugua malaria nikalala kitandani hoi, na mfereji haukujua. Nilipopata nafuu niligundua hilo na nikajisikia mshindi kuliko siku ya ukumbini. Baadaye na mimi niliondoka Morogoro, nikafanya kazi nyingi, nyingine nzuri. Zamu ilipita kwa Rehema, kutoka kwa Rehema ikaenda kwa wengine, na nikaacha kuulizia, kama mtu asivyomsumbua binti aliyekwisha kuwa na nyumba yake.

Basi mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, Ezekieli kando yangu akitafuna karanga, vijana wakipendekeza. Mwenyekiti wao hakuhitaji kumbembeleza mtu. Karibu na mwisho alisimama mwanamke mdogo wa umri, mjamzito, mkono mmoja kiunoni. Alikohoa.

"Mwenyekiti, mimi nina dogo tu. Naitwa Anna, natokea Mgeta. Natunza programu inayoitwa Zamu. Nyumbani nimekua nikiamshwa nayo, simu ya bibi ikilia alfajiri naambiwa kamate jembe. Waliotangulia sijawahi kuwaona, nimeipokea kwa aliyeipokea. Sasa mwezi ujao natarajia kujifungua, na kiangazi ndiyo hicho. Naomba watu wa kuishika."

Sikuweza kuona vizuri. Nilivaa miwani, haikusaidia. Mikono ilikuwa imenyanyuka mstari wa mbele, kisha katikati, kisha pembeni kwetu. Binti wa vitambulisho naye amenyanyua, na Anna anageuka huku na huku akicheka kwa sababu hajui amteue nani. Ezekieli aliacha karanga. Macho yake pia yalikuwa mekundu, ingawa atakana.

"Mluguru," alininong'oneza, "nyanyua mkono."

"Hapana," nilimwambia. "Wameshatosha."